Zawena Hajastaafu

Ukiitafuta Jamhuri ya Makofini kwenye ramani hutaiona. Mchora ramani aliagizwa aichore kubwa kuliko majirani zake wote wakijumlishwa, akasema karatasi haitoshi, akafungwa. Tangu hapo nchi imekaa bila ramani, na wala hakuna raia aliyewahi kupotea, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kwenda mbali.

Katika nchi hiyo, Jumanne moja saa nne asubuhi, mchezaji tenisi aitwaye Zawena Ndimbo aliwaita waandishi wa habari kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akawaambia: "Nimechoka. Magoti yananiuma. Kuna wengine wazuri wanakuja nyuma yangu. Asanteni sana, kwaherini." Kisha akatupa mkoba begani, akaenda kwake kupika.

Kwako wewe msomaji hayo ni maneno ya kawaida. Makofini yalikuwa hayajawahi kusikika. Mheshimiwa Rais, Mlezi wa Yote, alikuwa na miaka thelathini na minne Ikulu na hakuwa amechoka hata siku moja. Mawaziri wake hawakuchoka. Wakuu wa mikoa walitolewa ofisini kwa machela, na wakiwa juu ya machela walitangaza kwamba kazi inaendelea vizuri. Tangu nchi iundwe, hakuna mtu aliyesimama mbele ya wenzake, akiwa na akili zake timamu, akakiri kwamba kuna wengine wazuri nyuma yake.

Kamati ya Usalama ilikutana saa tano. Sentensi za Zawena ziliandikwa ubaoni, zikachunguzwa moja moja. Ya kwanza ilionekana kuwa ya uchochezi, ya pili ya kitabibu, ya tatu ya uhaini. Ya mwisho ilizua ubishi mrefu, maana wajumbe hawakukumbuka mtu mwenye cheo hutumia neno "kwaherini" katika mazingira gani.

Wakati huo huo, posta kuu ya mji mkuu, dirisha namba mbili, karani mmoja aliligonga muhuri shavu la bahasha, akagonga meza, na mara ya tatu akaugonga mkono wa mteja. Karani huyo alikuwa Bi Mwanamkasi Tenga. Redio ilikuwa imetoka kumpa habari.

Bi Mwanamkasi alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Zamani alikuwa na mume, dereva wa serikali, aliyepangiwa kwenda kumwendesha balozi katika nchi ya mbali. Mume aliielewa nafasi hiyo haraka sana, hakurudi. Walimletea Bi Mwanamkasi makaratasi ya talaka, akatia sahihi. Walimletea ya nyumba, akatia sahihi. Wiki ile angeletewa hata hati ya kuuza masikio yake angetia sahihi. Ndipo mwenzake wa kazini alipompa tiketi ya tenisi, mchezo ambao hakuujua, ili atoke kidogo apate hewa.

Uwanjani alimkuta binti mwembamba wa miaka kumi na tisa anagombana na mwamuzi. Mwamuzi alisema mpira umetoka. Binti akapiga magoti, akaweka pua kwenye mstari wa chokaa, akamwonyesha mwamuzi alama kwa kidole, akakataa katakata kuinuka. Bi Mwanamkasi, ambaye hakuwa amebishana na mtu kwa miezi minane, alijikuta amesimama juu ya kiti anapiga kelele: "Mwambie! Mwambie huyo!"

Miaka kumi na saba ilipita hivyo. Zawena aliposhinda, Bi Mwanamkasi alikula vizuri. Aliposhindwa, barua za mji mzima zilichelewa. Sasa Jumanne hii mwandishi wa redio, aliyekuwa anapita posta akitafuta maoni ya wananchi, alimsogezea kinasa sauti kupitia tundu la dirisha.

"Mama, umepokeaje habari za Zawena kustaafu?"

"Hajastaafu!" akalia Bi Mwanamkasi, machozi yakimwagikia stempu. "Nani kasema? Zawena hawezi kustaafu! Zawena yupo, na atacheza!"

Sauti hiyo ilirushwa hewani saa saba. Kamati ya Usalama, iliyokuwa bado imeganda kwenye neno "kwaherini", iliisikia. Mwenyekiti akafuta ubao kwa mkono wa koti. Wananchi wenyewe walikuwa wametoa uamuzi.

*

Kesho yake Waziri wa Ushangiliaji na Hisia za Umma, Jenerali Mavumba, alilihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "zimezagaa porojo kwamba mchezaji wetu mpendwa amefanya kile kitendo. Sitakitaja. Serikali yenu sikivu imesikiliza kilio cha mama mmoja wa posta, na napenda kulithibitishia taifa kwamba Zawena Ndimbo hakufanya kile kitendo. Yeye yuko katika mapumziko ya kawaida baina ya pointi moja na nyingine. Mapumziko hayo hayana kikomo kisheria. Ratiba yake ya mechi inabaki kama ilivyo, na ushindi wake unabaki kama ulivyo."

Siku hiyo hiyo neno "kustaafu" lilifutwa katika matumizi. Hatua hiyo ilimgusa Jenerali mwenyewe, kwa sababu kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiandika "Mst." mbele ya jina lake, na sasa ilimbidi aiondoe na kurudi kuwa jenerali kamili. Alilitafuta gwanda lake, akalipata, lakini vifungo vya katikati havikukutana tena. Alihutubia akiwa ameshika faili tumboni, na mawaziri wengine, wakidhani ni itifaki mpya, nao wakaanza kushika mafaili matumboni.

Wastaafu wote wa nchi, kwa kuwa hawakuwapo tena kisheria, waliamriwa warudi makazini Alhamisi saa mbili. Ndivyo Mzee Ngwali, aliyeliacha dirisha namba mbili miaka sita iliyopita, alivyotokea posta na kikapu chake cha chakula.

"Binti yangu, nisogezee kidogo," alimwambia Bi Mwanamkasi.

"Mzee, kiti ni kimoja."

"Najua. Nilikichagua mimi."

Wakakaa nusu kwa nusu. Mzee Ngwali alilamba stempu, Bi Mwanamkasi akagonga. Kazi iliyokuwa ya mtu mmoja ikafanywa na wawili kwa muda mrefu zaidi, na Wizara ikatangaza kwamba ajira zimeongezeka.

*

Ijumaa magari mawili yalisimama mbele ya posta. Walishuka watu wanne wenye suti, wakampa Bi Mwanamkasi utepe wa kijani wa kuvaa begani na cheti chenye maandishi ya dhahabu. Kuanzia siku hiyo alikuwa Shabiki wa Mfano, Daraja la Kwanza. Kiti chake cha zamani uwanjani kilikuwa juu kabisa, karibu na tangi la maji. Sasa angekaa mstari wa mbele, kwenye kiti chenye mikono, mkabala na kamera.

"Nifanye nini huko?" aliuliza.

"Ufanye unavyofanya siku zote, mama," alijibu mkubwa wao. "Shangilia. Isipokuwa usilie. Kilio tumeshakichukua."

Kweli walikuwa wamekichukua. Kila asubuhi, kabla ya taarifa ya habari, redio ilipiga sauti yake: Zawena yupo, na atacheza! Bi Mwanamkasi aliisikia akiwa anapiga mswaki, na kwa siku kadhaa ilimpa faraja ya ajabu, kana kwamba kuna mwanamke mwingine mahali fulani anayejua zaidi.

Mechi ya kwanza ilikuwa Jumamosi. Upande wa kushoto wa uwanja ulikuwa wa Zawena, nao ulikuwa mtupu, umefagiliwa vizuri, na taulo safi kwenye benchi. Upande wa kulia alisimama msichana. Makofini neno "mpinzani" lilikuwa limepigwa marufuku tangu uchaguzi ule wa zamani, kwa hiyo msichana huyo alitangazwa kwa kipaza sauti kama Mshiriki wa Pili, bila jina.

Kama unajiuliza mtu anashindwaje na mahali patupu, Wizara ilikuwa imeandaa mwongozo. Zamu ya Zawena kuanzisha ilipofika, mwamuzi alihesabu hadi tatu, akatangaza: "Umepita! Kasi isiyoonekana kwa macho!" na Mshiriki wa Pili alitakiwa kuonyesha mshangao. Zamu ya Mshiriki wa Pili ilipofika, alitakiwa kuupiga mpira kwenye wavu, mara mbili, kisha atikise kichwa. Mchezo uliisha sita bila, sita bila, kwa dakika thelathini na nane.

Sasa hapa lazima niseme ukweli, ingawa haumpi Bi Mwanamkasi sifa nzuri. Siku hiyo alifurahi. Aliukodolea macho ule upande mtupu mpaka akamwona Zawena, anavyofuta jasho kwa mkono wa fulana, anavyodundisha mpira mara nne na kuusemesha kitu. Akashangilia mpaka koo likakauka. Jirani zake walishangilia pia, baadhi kwa upendo na baadhi kwa kuwa kila mstari ulikuwa na mtu wa kuandika majina. Alirudi nyumbani akala sahani mbili.

Mechi ya pili Zawena hakuonekana vizuri. Alikuja kidogo tu, mabega na mkia wa nywele. Mechi ya tatu hakuja kabisa. Palibaki taulo, na nzi mmoja aliyetua juu ya taulo. Bi Mwanamkasi akashangilia nzi. Alipokuwa akishangilia alijisikia mchovu kwa namna ambayo hakuwahi kuwa mchovu hata siku Zawena aliposhindwa mechi tano mfululizo. Katika zile alikuwa na hasira, na hasira ilimfanya arudi wiki iliyofuata. Sasa walikuwa wanashinda tu.

Akamwambia Mzee Ngwali Jumatatu, "Mzee, nadhani nimeishiwa."

"Umeishiwa nini?"

"Sijui. Nilijaribu mpira wa miguu jana kwenye runinga. Wako ishirini na wawili. Sikujua nimkasirikie yupi."

"Jaribu bao," alisema Mzee Ngwali. "Wako wawili tu, na hawakimbii."

Alijaribu bao. Alisinzia.

*

Wiki hiyo hiyo, Jumatano mchana, mwanamke mrefu mwenye kanga mabegani na bandeji gotini alifika dirisha namba mbili akichechemea. Alikuwa na bahasha.

"Nataka kutuma hii kwa rejista," alisema. "Iende Wizara ya Ushangiliaji."

Bi Mwanamkasi aliinua macho. Muhuri ulibaki hewani.

"Haiwezekani," alisema Mzee Ngwali, ambaye alikuwa mwangalifu kuliko wote waliorudishwa kazini. "Kwa mujibu wa redio, Zawena Ndimbo saa hizi yuko mazoezini. Mtu aliye mazoezini hawezi kuwa posta. Barua hii haina mtumaji."

"Mtumaji ni mimi."

"Ndiyo shida yenyewe."

"Mzee, nenda kanywe chai," alisema Bi Mwanamkasi. Mzee Ngwali aliwatazama wote wawili, akachukua kikapu chake, akaenda.

Zawena aliinama kwenye tundu la dirisha. "Hiyo sauti naijua," alisema polepole. "Naisikia kila asubuhi nikikoroga uji. Ni wewe! Wewe ndiye unayesema sijastaafu!"

Bi Mwanamkasi alitamani kuingia kwenye gunia la barua. "Nilikuwa nalia, mwanangu. Mtu akilia husema lolote. Sikujua kama wataliandikia sheria."

Zawena akacheka. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, na unene huo ulimpendeza.

"Haya niambie basi. Jumamosi nilishinda?"

"Sita bila, sita bila."

"Nilicheza vizuri?"

"Hukukosa mpira hata mmoja."

"Wacha we. Na mimi Jumamosi nilikuwa nafua mapazia." Aligonga bahasha kwa ukucha. "Humu nimewaomba waache kunishindisha. Nimewaandikia kwa adabu. Unafikiri watasoma?"

"Watasoma. Halafu watakupandisha cheo."

Nyuma ya Zawena foleni ilikuwa imejipanga, watu wakitazama dari kwa bidii, maana kumtambua mtu ambaye hayupo lilikuwa kosa.

"Na yule wa upande wa pili?" aliuliza Zawena. "Yule anayeshindwa. Ana mkono?"

Bi Mwanamkasi alijaribu kumkumbuka. Alikumbuka taulo. Alikumbuka nzi. Katika mechi zote tatu hakuwa ameutazama upande wa kulia hata mara moja, hakujua kama msichana yule ni mfupi au mrefu.

"Sikumwangalia," alikiri. "Nilikuwa nakuangalia wewe."

"Mama, mimi siko kule." Zawena aliongea bila ukali. "Siku yangu ya kwanza pale uwanjani watu wote walikuja kumwona mwanamke mwingine. Hata jina langu ubaoni walilikosea. Nilitaka kukimbia. Ila kulikuwa na mama mmoja kule juu, karibu na tangi la maji, kasimama juu ya kiti ananipigia kelele kama mwendawazimu. Sijui alikuwa na ugomvi na nani siku ile. Nikasema, aa, kama kuna mmoja, nicheze."

Bi Mwanamkasi aliinama kwenye tundu la dirisha.

"Kilivunjika," alisema.

"Nini?"

"Kile kiti."

Zawena alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na saba wakaonana kweli kweli, kupitia tundu la dirisha la posta, mmoja ameshika bahasha na mwingine muhuri. Zawena aliingiza mkono, akaushika mkono wa Bi Mwanamkasi, akaubana. Kisha akachechemea akaenda zake. Bi Mwanamkasi akaigonga muhuri barua ile isiyo na mtumaji, akaitia kwenye gunia kwa mkono wake mwenyewe.

Majibu ya Wizara yalitoka baada ya siku mbili. Zawena Ndimbo alipandishwa cheo kuwa Bingwa wa Kudumu.

*

Ili kumsimika Bingwa wa Kudumu, Wizara iliandaa mechi kubwa siku ya Sikukuu ya Miaka Thelathini na Minne, mbele ya Mheshimiwa Rais. Bi Mwanamkasi alituma taarifa kwamba anaumwa. Saa mbili asubuhi gari lilikuja na daktari ndani yake. Daktari alimpima kwa macho kutoka mlangoni, akasema ana afya ya mfano, akamvalisha utepe.

Mzee Ngwali alikuwa mstari wa mbele pia, kwa kuwa Wizara ilitaka wazee waonekane wakiwa imara. Mheshimiwa Rais aliketi kwenye kiti cha enzi chenye feni mbili, akalala kabla wimbo wa taifa haujafika ubeti wa pili. Jenerali Mavumba alisimama kando yake, faili tumboni.

Mshiriki wa Pili aliingia. Safari hii Bi Mwanamkasi alimtazama. Alikuwa msichana wa wastani, mweusi tititi, mwenye mabega mapana na viatu vilivyoshonwa upande kwa uzi wa gunia. Alitembea kama mtu aliyetumwa kufanya kazi asiyoipenda katika nyumba ya watu asiowajua.

Seti ya kwanza alishindwa kwa utii. Zamu zake tatu za kuanzisha zilitoa mipira ishirini na minne, na yote ishirini na minne iliishia kwenye wavu.

"Anapiga wavu tu," alinong'ona Mzee Ngwali. "Hata mimi naweza."

"Mzee," alisema Bi Mwanamkasi taratibu, "hebu tazama anaupiga wapi."

Mzee Ngwali alikunja macho. Juu ya wavu, kwenye utepe mweupe, palikuwa na doa la vumbi. Lilikuwa moja tu, dogo, la ukubwa wa kiganja. Mipira yote ishirini na minne ilikuwa imegonga pale pale.

"Wavu una urefu gani?" aliuliza Bi Mwanamkasi.

"Kutoka hapa hadi pale alipo yule askari."

"Basi huyo msichana anaweza kuuweka mpira popote anapotaka. Huko ndiko walikomwambia auweke."

Tangu hapo hakuutazama upande wa kushoto tena. Aliegemea mbele, utepe wa kijani ukining'inia magotini. Aliona jinsi msichana anavyourusha mpira juu mno, kosa ambalo mtu angemrekebisha kwa wiki mbili. Aliona mkono unavyokuja kwa nyuma, mwepesi, na jinsi unavyozuiwa mwishoni, kwa nguvu, ili mpira ufie mahali ulipoagizwa kufia. Kuzuiwa kwa mkono huo kulimuuma Bi Mwanamkasi begani kwake mwenyewe. Alianza kukasirika, na hasira ile aliitambua, akaikaribisha.

Seti ya pili ilifika nne bila. Msichana alikuwa aanzishe. Alidundisha mpira. Aliutazama wavu, akalitazama doa. Kisha akautazama ule upande mtupu, uliofagiliwa, mpana, ambao hapakuwa na mtu yeyote ndani yake, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyekuwa na njaa muda mrefu akaonyeshwa sahani.

Akaurusha mpira juu mno, akaupiga.

Mpira ulipita kiganja kimoja juu ya wavu, ukaanguka kwenye kona ya mbali ya kisanduku cha kuanzishia, ukainua chokaa, ukagonga ubao wa nyuma kwa kishindo kilichosikika mpaka jukwaa kuu. Baada ya hapo hapakuwa na sauti ila feni mbili za Rais.

Halafu yakasikika makofi. Pa. Pa. Pa. Bi Mwanamkasi alitazama kushoto na kulia kuona nani anayepiga, akakuta ni mikono yake. Kamera ilikuwa imemwelekea tayari, ndiyo kazi iliyowekewa.

Mheshimiwa Rais aliamka.

"Kuna nini?" aliuliza, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa mdomoni pake tangu asubuhi, taifa zima lilimsikia. "Mbona Zawena hakuurudisha?"

Jenerali Mavumba aliinama. "Mheshimiwa, yuko katika mapumziko baina ya pointi."

"Mwambieni akimbie."

"Mheshimiwa..."

"Yuko wapi? Mimi simwoni."

Swali hilo lilikuwa halijawahi kuulizwa. Watu elfu nne walitazama viatu vyao. Mwamuzi, aliyekuwa na watoto sita, alishika kipaza sauti chake kwa mikono miwili. "Mpira urudiwe," alisema. "Kulikuwa na upepo."

Mpira ukarudiwa. Msichana aliupiga kona ile ile, kwa nguvu zaidi. Safari hii Bi Mwanamkasi alisimama kabisa, akapiga makofi kwa makusudi, kwa viganja vilivyopanuliwa, akapiga na kigelegele juu yake. Mzee Ngwali alimtazama, akaweka kikapu chini.

"Nilikuwa nimepumzika kwangu na bustani yangu ya mchicha," alisema, bila kumwambia mtu hasa, na akaanza kupiga makofi. Mama mmoja mwenye mwavuli akafuata. Wakafuata wengine mmoja mmoja huku na kule, mpaka waandikaji wa majina wakaanza kuishiwa karatasi, na mmoja wao, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi, akajikuta amekanyaga kalamu yake.

Jenerali Mavumba aliinua mikono ili asimamishe mechi. Faili likaanguka, na vifungo viwili vya katikati vikaruka hadi uwanjani. Mechi ilivunjwa kwa sababu za kiufundi. Zawena alitangazwa mshindi.

*

Kituo cha polisi kilikuwa nyuma ya uwanja. Saa kumi na moja jioni Bi Mwanamkasi aliketishwa mbele ya Koplo Chilumba, kijana mwenye mwandiko mzuri ambaye siku hiyo alikuwa amekwisha kuandika watu sitini na wanne. Utepe wa kijani ulikuwa juu ya meza kama ushahidi.

"Jina?"

"Mwanamkasi Tenga. Wa posta."

"Kosa ni kupiga makofi kinyume na ratiba. Mara ngapi?"

"Sikuhesabu, mwanangu."

"Naandika mara tatu na kigelegele kimoja. Adhabu yake ni kufutwa katika orodha ya mashabiki. Umenyang'anywa kiti, utepe na daraja. Kwa miaka mitano huruhusiwi kumshangilia mtu yeyote hadharani." Aligeuza ukurasa. "Na sauti yako inaondolewa redioni kuanzia kesho."

Bi Mwanamkasi alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyobana.

"Hapa kuna mstari umebaki," alisema Koplo. "Mchezaji unayemshabikia. Tuandike Zawena Ndimbo?"

"Hapana," alisema Bi Mwanamkasi. "Zawena amestaafu."

Kalamu ilisimama. Askari aliyekuwa mlangoni alitoka nje kuangalia hali ya hewa.

"Basi nani?"

"Jina lake sijalijua bado."

Koplo Chilumba aliutazama mlango, akautazama tena. Kisha akainama juu ya daftari kana kwamba anatafuta neno, akasema kwa sauti ya chini: "Mwaija Kaluta. Wa Machimboni. Wamemfukuza kwenye timu saa tisa leo, lakini Jumamosi anacheza uwanja wa reli na wasichana wenzake. Hakuna viti kule. Beba mkeka."

"Anaurusha mpira juu mno," alisema Bi Mwanamkasi.

"Juu mno sana," alikubali Koplo. "Nami nimeona."

"Na wewe utakuwepo?"

"Nimepangiwa, mama. Natumwa pamoja na askari wanne kwenda kuwakamata watakaoshangilia."

Bi Mwanamkasi alifikiri kidogo. "Mtatukamata saa ngapi?"

Koplo Chilumba aligonga muhuri, akalifunga daftari.

"Mchezo ukiisha."